Zuhura ni nyota, ni ua au ni adhuhuri? Naomba msaada wa maana ya jina

Kibao_cha_Mninga

Wakuu, salaam. Rafiki yangu anaitwa Zuhura, anaolewa karibuni. Zawadi ni kibao cha mninga cha sentimita 40 kwa 15: jina lake kwa herufi za Kiarabu juu, kwa herufi za kawaida chini, pamoja na kadi ya ukurasa mmoja inayoeleza jina. Kuhusu maana kila mtu ana yake. Kuna wanaosema ni ua, wengine mtoto aliyezaliwa adhuhuri, wengine sayari. Fundi kaandika ظهرة, simu inatoa زهرة. Ipi sahihi? Halafu nimeambiwa jina hili lina kisa kibaya cha malaika wawili, nisije nikamwandikia bibi harusi jambo la kumtia aibu. Alizaliwa tarehe 20 Mei 1994, ikiwa tarehe inasaidia.

---

Ze_na_Dhumma

Kwanza mzuie fundi asishike patasi. Alichoandika ni herufi ya *dhahiri* na *adhuhuri*, ile ظ. Jina la rafiki yako linaanza na ز, herufi ya *zabibu* na *zaituni*. Kwa masikio ya mtu anayesema "zahiri" na "azuhuri" herufi hizi mbili hufanana, na hapo ndipo ile maana ya "aliyezaliwa adhuhuri" ilipozaliwa. Lakini hakuna Mswahili wa pwani anayemwita mtu "Dhuhura", na huyo wa pwani ndiye anayezitenganisha sauti hizi kila siku. Maana ya adhuhuri itupe.

Zinabaki mbili, na zote zimetoka shina moja la ز ه ر, lenye maana ya kung'aa na kuchanua. Kwenye shina hilo kuna majina matatu ambayo watu huyachanganya:

زَهْرَة, *zahra*: ua.
الزَّهْرَاء, *az-Zahraa*: mwenye kung'aa, lakabu ya Bi Fatuma binti wa Mtume. Hili lina alifu na hamza mwishoni, halina te marbuta (ة, duara lenye nukta mbili).
الزُّهَرَة, *az-Zuhara*, na wengi hutamka *az-Zuhra*: ile sayari.

Zuhura wa Kiswahili ni huyo wa tatu. Angalia irabu ya kwanza: ni *u*, wala si *a*. Mwenye jina la ua tunamwita Zahra au Zahara. Ile *u* ya katikati tumeiweka sisi, kwa sababu ulimi wetu hauvumilii konsonanti mbili kugongana hivyo. Subhi ikawa asubuhi, dhuhri ikawa adhuhuri, Zuhra ikawa Zuhura. Fungua kamusi ya Kiswahili yoyote nzuri utaikuta Zuhura kama jina la sayari.

Aliyekwambia "ua" hajakosea sana, amechukua dada wa jina badala ya jina lenyewe. Kwenye kadi unaweza kulitaja ua kama ndugu. Msikiti na chuo cha Al-Azhar cha Kairo nao ni wa ukoo huu. Sura mbili, Al-Baqara na Al-Imran, katika hadithi zimeitwa *az-Zahrawain*, yaani mbili zenye kung'aa. Na katika Sura Taha aya ya 131 shina hili limekuja kwa maana ya pambo la maisha ya dunia.

Sasa uandishi. Neno ni herufi nne: ze, he, re, te marbuta. Bila irabu, زهرة itasomwa *Zahra* na kila msomaji wa Kiarabu atakayeingia sebuleni kwake. Kwa hiyo dhumma, ile alama ndogo ya irabu *u*, juu ya ze ni lazima: زُهرة. Hiyo moja inatosha kugeuza ua kuwa nyota. Ukitaka kamili weka زُهَرَة, ingawa kwenye mbao fataha mbili, alama za irabu *a*, zinazidi kujaza nafasi bila kuongeza maana. Usiweke *al* mbele. *Az-Zuhara* ni sayari yenyewe, jina la mtu huandikwa bila hiyo.

---

Anga_la_Magharibi

Mkuu wa juu amemaliza lugha. Mimi naongeza kitu cha kuandika kwenye kadi ambacho hakuna mgeni mwingine atakayekuwa nacho: Zuhura ilikuwa wapi siku Zuhura alipozaliwa.

Hili halihitaji mnajimu. Zuhura, Dunia na Jua hurudi karibu mkao uleule kila baada ya miaka 8, pungufu ya siku 2 na nusu hivi. Kwa hiyo chukua tarehe ya kuzaliwa, ongeza 8 mara kwa mara mpaka ufike mwaka wa karibu, na kila mruko punguza siku mbili na nusu. 20 Mei 1994, kisha 2002, 2010, 2018, 2026: miruko minne, punguza siku kama 10. Unaangukia tarehe 10 Mei 2026. Mwaka 2026 Zuhura ilipita nyuma ya Jua tarehe 6 Januari, ikaingia upande wa jioni, na inapita kati yetu na Jua tarehe 24 Oktoba. Maana yake Mei 1994 nayo ilikuwa ya jioni: Jua likizama, yenyewe inabaki magharibi kwa karibu saa mbili ikiwaka. Andika hivyo. "Jioni ya siku uliyozaliwa, nyota ya jina lako ilikuwa magharibi."

Kosa la kawaida hapa ni kuandika "nyota ya alfajiri" kwa kila Zuhura. Nyota ya alfajiri na nyota ya jioni ni kitu kimoja kwa zamu. Mzunguko mzima ni siku 584: kama siku 263 jioni, inapotea kama siku 8 ikipita mbele ya Jua, siku 263 nyingine alfajiri, kisha inapotea kama siku 50 ikiwa nyuma ya Jua. Mtu aliyezaliwa kwenye hizo siku 50 hakuwa na Zuhura angani kabisa, na kumwandikia kwamba iling'aa juu ya paa lao ni uongo mtamu tu.

Mkitaka kuitazama pamoja: baada ya adhana ya Magharibi subirini dakika 20 hadi 30, elekeeni lilikozama Jua. Ile isiyopepesa, inayotangulia kuonekana kabla ya nyota zote, ndiyo. Baada ya Jua na Mwezi hakuna kinachoizidi kwa mwanga. Darubini ndogo ya mkononi, Jua likiwa limeshazama KABISA, itaonyesha umbo lake. Wiki chache kabla ya kupita mbele ya Jua ni hilali kama mwezi mchanga, jambo ambalo Galileo alilifuatilia kwa darubini yake mwaka 1610. Msiitafute usiku wa manane. Haiachani na Jua zaidi ya nyuzi 47, kwa hiyo kwetu huku karibu na ikweta hata ikiwa mbali kabisa na Jua, kufika saa 4 usiku imeshatua. Mnayoiona inawaka saa 6 usiku huenda ni Mshtarii, yaani sayari ya Jupita.

Jambo la mwisho, na hili hata vitabu vya shule huliharibu: msiichanganye na Zohali. Zohali ni ile yenye pete. Zimekaribiana kwa sauti tu. Kwenye chati nyingi Zohali imeandikwa "Sarateni", ambalo kwa asili ni neno la Kiarabu la kaa, yaani kundi la nyota, na hakuna sayari ya jina hilo kwa Waarabu wenyewe. Ukinunua picha ya sayari ya kubandika kwenye kadi na ina pete, umebandika ya mtu mwingine.

---

Mpita_Njia_Tu

Mwambieni pia kwamba huko Zuhura kuna joto la nyuzi 460 na zaidi, mawingu ya tindikali ya salfa, na mgandamizo mara 90 ya huu wetu. Zawadi ya harusi hiyo 😂

---

Anga_la_Magharibi

Mpita Njia, hayohayo mawingu ndiyo yanayorudisha mwanga wa Jua, ndiyo maana inang'aa kuliko zote. Ukiyaondoa hakuna jina. Na kama unatafuta ajabu ya kuandika, ipo nzuri zaidi: Zuhura hujizungusha kinyume na Dunia, kwa hiyo huko Jua huchomoza magharibi. Tena hujizungusha polepole, mzunguko mmoja siku 243, wakati kulizunguka Jua ni siku 225. Inamaliza mwaka kabla haijamaliza kujigeuza mara moja. Hiyo inafaa kwa mtani wa bibi harusi ambaye huchelewa.

---

Rafu_ya_Tafsiri

Kuhusu kisa cha malaika. Kipo, na ni vizuri ukijue kabla shangazi mmoja hajakitaja ukumbini.

Aya ya 102 ya Sura Al-Baqara inawataja Haruti na Maruti huko Babeli. Aya haimtaji mwanamke yeyote wala nyota. Simulizi iliyoongezwa na baadhi ya wapokezi inasema malaika hao waliteremshwa duniani, wakakutana na mwanamke mzuri aitwaye Zuhura, akawavuta hadi wakamfunulia jina wanalopandia mbinguni, akalitamka, akapanda, akageuzwa nyota. Ibn Kathir, mfasiri wa Kurani aliyefariki mwaka 1373, ameipitia kwenye tafsiri yake na kuirudisha kwa Kaab al-Ahbar, msimulizi wa Kiyahudi aliyesilimu, yaani katika masimulizi ya Kiisraili na si maneno ya Mtume. Kwa hiyo hakuna hukumu juu ya jina. Majina yanayotakiwa kubadilishwa ni yale yenye maana mbaya yenyewe, na nyota ing'aayo haina ubaya.

Kwa nini ilitungwa kwa sayari hii na si nyingine? Babeli ndipo ilipokuwa sayari ya Ishtar, mungu-mke wa mapenzi na vita. Wababeli waliifuatilia mno, wana vibao vya udongo vilivyoorodhesha kuonekana na kupotea kwake kwa miaka 21 ya utawala wa mfalme Ammisaduqa. Wagiriki wakaipa Aphrodite, Warumi wakaipa Venus, na hata siku ya Ijumaa kwa Kifaransa, *vendredi*, ni "siku ya Venus". Ndugu zetu wa Kongo na Burundi wanaitamka kila wiki. Falaki ya kwetu, ile elimu ya nyota, nayo inaipa Ijumaa, madini ya shaba, na buruji (makundi ya nyota) mbili, Ng'ombe na Mizani. Mimi ningeishia Ijumaa na shaba, kwamba ni mapokeo. Utabiri wa ndoa kwa nyota usiutie kwenye kadi ya mtu.

Kama upo upande wa Wakristo kwenye harusi hiyo, jua kwamba nyota hii kwao ina nyuso mbili pia. Isaya 14:12 inamwita aliyeanguka "nyota ya alfajiri, mwana wa asubuhi", na Ufunuo 22:16 Yesu anajiita "ile nyota yenye kung'aa ya asubuhi". Ukichagua kunukuu, hakikisha umefungua kitabu sahihi.

---

Bahari_Mbili

Mmesahau methali. *Nyota njema huonekana asubuhi.* Mtu akisema hivyo pwani hamaanishi sayari, lakini kwa Zuhura inageuka mzaha mzuri wa kufungulia kadi. Tena neno *nyota* kwetu ni bahati na mvuto wa mtu: ana nyota, nyota yake imepoa, wanamsafisha nyota. Kwa Zuhura hayo yote yanakaa mahali pake bila kulazimishwa.

Wenye jina wanaojulikana wapo. Zuhura Swaleh, sauti ya taarabu ya Mombasa. Zuhura Yunus, mtangazaji wa Idhaa ya Kiswahili ya BBC ambaye mwaka 2022 alikwenda kuongoza mawasiliano ya Ikulu Tanzania. Na Zuchu, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Zuhura Othman, binti wa Khadija Kopa. Waimbaji wawili kati ya watatu, na ukiongeza kwamba wanajimu wa kale waliipa sayari hii muziki, kadi inaanza kujiandika.

Sasa ukitaka beti. Jina lina mizani tatu, Zu-hu-ra, na kina cha *-ra* ni shamba lenye rutuba: busara, subira, imara, dira, ishara, hadhara. Linaloponza watu ni *alfajiri*. Hiyo *l* iliyosimama peke yake wengine huihesabu mizani, wengine hawaihesabu, na utakuta shairi limepinda kwa nusu ya wasomaji. Tumia *asubuhi* ukae salama:

*Zuhura nyota ya jaha, asubuhi huchomoza,*
*Huleta kwetu furaha, na giza hulififiza.*

Nane kwa nane, vina *-ha* na *-za*. Kwa rafiki yako wa jioni badilisha: *magharibi hupendeza*, nayo ni nane. Mistari miwili iliyobaki malizia mwenyewe, ni rafiki yako.

Na sarufi, tafadhali. Sayari hufuata *i-*: Zuhura imechomoza. Mtu hufuata *a-*: Zuhura amechomoza. Herufi hiyo moja ndiyo itakayombainishia msomaji unamzungumzia nani. Ukiitumia kwa makusudi, mstari wa kwanza *imechomoza* na wa mwisho *amechomoza*, hutahitaji kueleza kitu.

---

Kibao_cha_Mninga

Asanteni sana, wakuu. Swali dogo: yeye husaini "Zuhra", kitambulisho kinasema "Zuhura". Chini niandike ipi? Na fundi ametuma mchoro mpya wa mashine ya leza. Naueleza maana picha haipandi: kutoka kulia naona te marbuta, kisha re, kisha he ya mviringo kama tundu la sindano, kisha ze. Herufi zote zimeachana. Ni mtindo au ni kosa?

---

Ze_na_Dhumma

Kosa, tena maarufu. Programu yake ya kuchorea haijui Kiarabu, inapanga herufi kutoka kushoto na kuziacha zimesimama mojamoja. Kwa mtu asiyesoma inapendeza. Kwa anayesoma si neno.

Jinsi ya kukagua bila kujua Kiarabu: jina hili likiandikwa sawa lina vipande VITATU, si vinne wala kimoja. Kulia kabisa ni ze peke yake, kama ndoano yenye nukta moja juu. Katikati ni he iliyoshikana na re, kwa hiyo he haiwi duara tena, inakuwa na fundo na mkono unaoelekea kushoto. Kushoto kabisa ni te marbuta peke yake, duara lenye nukta mbili. Jumla nukta tatu. Ukihesabu nukta moja tu, fundi ameandika he ya kawaida mwishoni. Ukiona he ya katikati ni duara lililofunga, herufi zimekatika.

Dawa: andika mwenyewe kwenye simu kwa kibodi ya Kiarabu, kuza, hifadhi kama picha kubwa au faili la PDF, umpe achore juu yake kama umbo. Asiliandike upya. Vilevile asiligeuze upande kwa ajili ya muhuri au kioo, mashine nyingine zina kitufe hicho na huachwa kimewashwa na kazi iliyotangulia.

Kwa mbao: nukta zisipungue milimita 5 kwa kibao chako, na kati ya zile mbili za te marbuta acha nafasi sawa na nukta moja. Zikikaribiana, kijipande cha katikati hubanduka wakati wa kupiga msasa, nukta mbili zinakuwa shimo moja. Vanishi ipakwe nyepesi mara mbili badala ya nzito mara moja, maana nzito hujaa kwenye nukta na dhumma, na bila dhumma umerudi kwenye ua.

Kuhusu Zuhra na Zuhura: kwa Kiarabu ni neno moja, usiguse kitu. Kwa herufi za chini fuata anavyosaini.

---

Bahari_Mbili

Ila akichagua Zuhra, beti nililokupa linapungua mizani moja. Weka *Zuhra ni nyota ya jaha*: Zu-h-ra ukiihesabu *h* zinakuwa tisa, usipoihesabu ni nane. Ndiyo ugomvi wa alfajiri umerudi. Kwenye beti mwache awe Zuhura.

---

Kibao_cha_Mninga

Fundi ametuma tena. Vipande vitatu, nukta tatu, dhumma juu ya ze. Nimempa ruhusa achonge.